Chapati za Maji Zenye Wanga Kidogo: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Jikoni

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja: namna ya kupika nyumbani chapati za maji za kifungua kinywa zisizotegemea unga wa ngano na sukari. Wapo waandishi wanaoishi na kisukari, wapo wanaotaka kupunguza uzito, na wapo waliokwisha kujaribu chapati zikawakatikia kikaangoni. Nimechagua barua zinazobeba maswali ya wengine pia, na baadhi ya majibu yamekuwa marefu kwa sababu swali lenyewe lilihitaji hivyo.

Shikamoo Shangazi. Nimeacha kutia sukari kwenye chapati za maji, na badala ya unga wa ngano natumia unga wa muhogo nikichanganya na dona, kwa kuwa niliambiwa vyakula vya asili havina wanga mwingi. Mbona uzito haupungui, na ikifika saa nne asubuhi njaa inaniuma tena?
*Msomaji wa Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kuacha sukari ni hatua nzuri, lakini unga ulioubadilisha haujakusaidia, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Chakula kuwa cha asili hakutuambii lolote kuhusu kiasi cha wanga kilichomo. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina takriban gramu 76 za wanga, dona haipishani nao sana, na unga wa muhogo unazidi gramu 80 kwa kipimo hicho hicho, huku protini yake ikiwa ndogo mno. Hata ulezi na mtama, nafaka ninazozipenda na kuzitetea kwa ajili ya nyuzinyuzi na madini yake, zina zaidi ya gramu 70. Kwa mtu mzima wa afya anayefanya kazi za nguvu hakuna ubaya wowote katika hizo, ila hakuna hata moja inayoweza kukupatia chapati yenye wanga kidogo.

Tupige hesabu ya chapati za maji za kawaida zinazotosha watu wawili. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, yaani gramu 120 hivi, kina gramu 90 za wanga. Vijiko viwili vya chakula vya sukari vinaongeza kama gramu 25, na kikombe cha maziwa kinaongeza 12. Jumla inakaribia gramu 127, kwa hiyo kila mlaji anapata zaidi ya gramu 60 kabla hajagusa chai. Ukiondoa sukari yote, bado kila mmoja anakula gramu 50 au zaidi kidogo. Wataalamu wengi wa lishe huuita mlo kuwa wa wanga kidogo pale jumla ya siku nzima inapokuwa chini ya gramu 130, na wanaofuata mlo wa keto hujibana hadi kati ya gramu 20 na 50 kwa siku. Utaona basi kwamba sahani moja ya asubuhi inaweza kumaliza sehemu kubwa ya fungu la siku hata kama haina chembe ya sukari.

Ama njaa ya saa nne, chanzo chake ni kwamba wanga wa unga uliosagwa laini humeng'enywa upesi, nao umekuja bila protini wala nyuzinyuzi za kutosha kukushikilia hadi mchana. Kinachopaswa kubadilika ni nafasi ya unga kwenye bakuli. Katika chapati ya kawaida unga ni msingi na yai ni msaidizi. Katika chapati yenye wanga kidogo mayai ndiyo msingi, na unga wa nazi au wa karanga huingia kwa vijiko tu, kuyapa mayai mwili. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini na wanga usiofika hata gramu moja, kwa hiyo mayai matatu ni mwanzo mzuri kwa watu wawili.

Kila maelekezo ninayosoma yanataka unga wa lozi. Hapa kwetu ni wa kuagiza, na bei yake siiwezi. Je, kuna unga mwingine unaofanya kazi hiyo, na ninaweza kuusaga mwenyewe nyumbani?
*Msomaji wa Tanga*

Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu mtu wa Tanga anayekuna nazi kila wiki huwa ana unga wa nazi jikoni mwake na humwagia kuku. Baada ya kukamua tui la kwanza na la pili, machicha yanayobaki ndiyo malighafi yenyewe ya unga wa nazi unaouzwa kwa pakiti ghali katika maduka makubwa. Yatandaze machicha kwenye sinia, yawe membamba, kisha yakaushe kwenye oveni yenye moto mdogo, nyuzi 100 hivi, kwa muda wa saa moja au zaidi, ukiyageuza mara kwa mara. Asiye na oveni ayakaushe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo sana akiyakoroga bila kuchoka, au ayaanike juani yakiwa yamefunikwa wavu safi hadi yavunjike yakifikichwa kwa vidole. Yasiungue wala kugeuka rangi ya kahawia. Yasage kwenye blenda kavu, chekecha, na chenga zilizobaki uzirudishe kwenye blenda. Anza kuyakausha mara tu unapomaliza kukamua tui, maana katika joto la pwani machicha mabichi huchacha ndani ya saa chache. Unga ukishakuwa tayari, uuweke kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji, kwani mafuta yanayosalia ndani yake huharibika na kutoa harufu mbaya ukiuacha kabatini kwa muda mrefu.

Unga wa nazi wa dukani una takriban gramu 60 za wanga kwa kila gramu 100, na tarakimu hiyo huwatisha wanaoisoma haraka. Lakini zaidi ya nusu ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari, na tena unga wenyewe hutumika kwa kiasi kidogo sana. Mahali ambapo ungetia gramu 100 za unga wa ngano, gramu 25 hadi 30 za unga wa nazi zinatosha, kwa sababu unanyonya maji kwa nguvu isiyo ya kawaida. Unga wa machicha ya nyumbani ni mkwaruzo zaidi na una mafuta zaidi, kwa hiyo hunyonya kidogo kuliko ule wa pakiti. Ongeza kijiko kimoja cha chakula juu ya kipimo nitakachotaja.

Kwa watu wawili, piga mayai matatu kwa uma hadi yatoe povu, tia mililita 60 za tui zito au maziwa, chumvi kidogo na iliki iliyosagwa. Katika bakuli jingine changanya vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa vya unga wa nazi, ambavyo ni gramu 30 hivi, na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Nyunyiza unga kwenye mayai huku ukikoroga ili usifanye madonge, kisha uache utulie kwa dakika tano. Usiiruke hatua hii, kwa maana rojo inayoonekana nyepesi mwanzoni itakuwa nzito baada ya unga kunywa maji. Ikizidi kuwa nzito, ongeza kijiko kimoja kimoja cha tui hadi imwagike polepole kutoka kwenye upawa. Sahani ya kila mlaji itakuwa na gramu 6 hivi za wanga, ukiondoa nyuzinyuzi. Ilinganishe na zile 60 za hesabu ya juu.

Njia ya pili ni karanga, na kwa wasomaji wa bara huenda ndiyo iliyo karibu zaidi. Chukua gramu 60 za karanga zilizokaangwa bila chumvi na kumenywa maganda, uzisage kwa vipindi vifupi vifupi. Blenda ikiachwa inazunguka bila kupumzika, mafuta hutoka na unabaki na siagi ya karanga badala ya unga. Changanya na mayai mawili, vijiko vitatu vya chakula vya mtindi usiotiwa sukari, na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Chapati hizi ni laini kuliko za nazi na zina rangi nzuri ya dhahabu, na wanga wake ni mdogo vilevile, kwa kuwa gramu 100 za karanga zina gramu 16 tu za wanga, nusu yake nyuzinyuzi.

Lakini kuhusu karanga nina sharti ambalo naomba lizingatiwe. Karanga na mahindi ni mazao yanayoshambuliwa kwa urahisi na ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Joto la kikaango haliondoi sumukuvu. Nunua karanga nzima badala ya zilizosagwa sokoni, zichague moja moja kwa mwanga mzuri, utupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye ladha ya uchungu, na usinunue nyingi za kukaa miezi. Mtu anayeacha ngano na kuanza kula karanga kila asubuhi ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu kuliko anayezitafuna mara moja moja.

Unga wa lozi ni mzuri, siubezi. Una takriban gramu 20 za wanga kwa gramu 100, nusu yake nyuzinyuzi. Ila hauna ulazima wowote katika jiko la Tanga. Korosho, ambazo Mtwara na Lindi wanazo tele, zina wanga zaidi, kama gramu 30, na nyuzinyuzi chache, hivyo zichanganye na unga wa nazi nusu kwa nusu badala ya kuzitumia peke yake.

Naishi Muscat, na madukani kuna unga wa nazi wa Marekani na wa Ulaya. Pakiti moja inasema wanga ni gramu 60 kwa gramu 100, nyingine inasema 20 na kitu. Ipi inasema kweli?
*Msomaji wa Oman*

Zote mbili zinasema kweli, ila zinahesabu kwa desturi tofauti. Kwenye lebo za Marekani, nyuzinyuzi zimejumlishwa ndani ya wanga, kwa hiyo anayetaka kujua wanga unaogeuka kuwa sukari mwilini hutoa nyuzinyuzi kwenye jumla. Kwenye lebo za nchi za Umoja wa Ulaya, nyuzinyuzi huandikwa mstari wake wenyewe, na wanga unaotajwa tayari hauna nyuzinyuzi. Ukitoa tena utakuwa umepunguza mara mbili. Jambo hili ni la muhimu hasa kwa anayepima insulini kulingana na wanga anaokula, kwa sababu kosa la hesabu hapo linamgusa moja kwa moja.

Nimefuata maelekezo barabara, lakini kila ninapogeuza, chapati inavunjika vipande vipande. Napikia jiko la makaa. Kosa liko wapi?
*Msomaji wa Nakuru*

Unga wa ngano una gluteni, ambayo ndiyo inayoifunga chapati ikanyumbuka na kukunjika bila kukatika. Nazi na karanga hazina gluteni hata kidogo, kwa hiyo kinachoishikilia chapati ni yai lililoiva, na yai huhitaji muda na moto wa upole ili lishike. Jiko la makaa lililokolea ni kali mno kwa kazi hii: chini panaungua wakati juu bado ni maji, mpishi anaona moshi, anageuza kwa haraka, na chapati inapasuka katikati.

Ondoa sehemu ya makaa, au yatawanye na kuyafunika kwa majivu mepesi, hadi uweze kuuweka mkono juu ya kikaango kwa muda bila kuukimbiza. Tumia kikaango kisichonata ikiwa unacho, au cha chuma kilichozoea mafuta, na upake samli au mafuta ya nazi kidogo kabla ya kila chapati. Mimina chapati ndogo, upana wa sentimita 8 hadi 10, isiyozidi upana wa kijiko chako cha kugeuzia. Ukitaka kujaza kikaango kizima kama unavyofanya na chapati ya ngano, itavunjika tu. Funika kwa mfuniko dakika tatu hadi nne. Mvuke utaivisha upande wa juu, na utajua wakati wa kugeuza umefika pale kingo zinapokauka na uso unapoacha kung'aa. Geuza mara moja, iache dakika moja au mbili, kisha itoe. Usiikandamize kwa mwiko.

Ikiwa bado zinavunjika baada ya hayo yote, ongeza yai moja kwenye rojo kabla ya kufikiria kuongeza unga. Unga wa nazi ukizidi, chapati inakuwa kavu na kumeguka kama chenga. Wengine hutia nusu kijiko cha chai cha maganda ya mbegu za ispaghula (psyllium) yaliyosagwa, ambayo hupatikana kwenye maduka ya dawa na ya viungo vya Kihindi. Yanafunga vizuri sana, ila mlaji anywe maji ya kutosha.

Mama yangu ana umri wa miaka 67 na ana kisukari. Anatumia vidonge na insulini ya jioni. Nataka kumwandalia chapati hizi kila asubuhi badala ya chai na maandazi. Je, ni salama?
*Msomaji wa Dodoma*

Nia yako kwa mama ni njema, na chapati zenyewe zinamfaa, lakini usimbadilishie kifungua kinywa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wa kliniki yake ya kisukari. Sababu ni kwamba dozi za dawa zake zilipangwa kwa mtu anayekula maandazi. Insulini, na vidonge vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, hushusha sukari iwe amekula wanga au hajala. Ukiondoa gramu 50 za wanga asubuhi moja na dozi ikabaki ilivyokuwa, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na hapo mtu huanza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuchanganyikiwa, na hata kupoteza fahamu. Kwa mzee, hali hiyo ni ya hatari kuliko sukari iliyopanda kidogo. Metformini ikiwa peke yake kwa kawaida haileti mshuko huo, na ndiyo maana ni lazima ujue majina ya vidonge vyote anavyomeza. Nenda navyo kliniki, pamoja na vifungashio vyake.

Kuna kundi jingine la vidonge, ambamo mna dapagliflozini na empagliflozini, linalohitaji tahadhari ya namna yake. Anayevitumia akipunguza wanga sana anaweza kupata ongezeko la asidi ya ketoni kwenye damu hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi jambo la kutisha. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dalili za kumpeleka hospitali mara moja, bila kungoja kesho. Na ikiwa mama ana tatizo la figo pamoja na kisukari, kiasi cha mayai na karanga nacho kijadiliwe na mtaalamu.

Daktari akikubali, anza taratibu. Pima sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na uandike kwenye daftari siku ile ile alichokula na kipimo alichopata. Kwa watu wazima wengi lengo baada ya chakula ni kubaki chini ya milimoli 10 kwa lita, ingawa kwa wazee daktari anaweza kuweka lengo tofauti. Daftari hilo litamsaidia daktari kurekebisha dozi kwa ushahidi. Weka karibu sukari ya kawaida: ikishuka na mama bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, na akishatulia ale chakula. Usimpe kitu kinywani ikiwa amepoteza fahamu, mkimbize hospitali.

Jambo la mwisho kwako, na ni dogo ingawa linawashinda wengi: chapati hizi zikiwekwa mezani pamoja na chai yenye vijiko vitatu vya sukari na andazi moja "la kuonja", mama atakuwa ameongeza chakula tu, na kipimo chake cha sukari kitapanda pale pale. Mpe chai ya tangawizi au mdalasini isiyo na sukari, na umshirikishe katika kuchagua viungo ili asijione anaadhibiwa. Wazee wetu wamekula maandazi maisha yao yote, nao wana haki ya kuulizwa.

Sili mayai. Je, nitumie mbegu za chia badala yake?
*Msomaji wa Arusha*

Kwa unga wa nazi, hapana. Kijiko cha chia kilicholowekwa kwenye vijiko vitatu vya maji hutoa ute unaofunga vizuri keki ya ngano, lakini hakina nguvu ya kushikilia unga usio na gluteni na unaotegemea yai kwa kila kitu. Utapata uji uliokauka juu na mbichi ndani.

Kinachokufaa ni unga wa dengu, ule unaotumika kukaangia bajia. Unajifunga wenyewe bila yai. Chukua gramu 50, ongeza maji kidogo kidogo hadi rojo iwe nzito kidogo kuliko maziwa, tia chumvi, manjano, kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo, majani ya giligilani na pilipili mbichi, iache robo saa, kisha ipike kwenye kikaango kilichopakwa mafuta. Nikueleze wazi kwamba wanga wake ni wa kati: gramu hizo 50 zina takriban 24 ukiondoa nyuzinyuzi, kwa hiyo zikigawanywa kwa watu wawili kila mmoja anapata 12. Ni mara mbili ya chapati ya nazi, lakini ni chini sana ya ngano, na protini yake ni nyingi. Mimi ningeila kwa moyo mmoja.

Sisi tumezoea kula chapati za maji kwa asali. Asali ni dawa, haiwezi kuwa na madhara ya sukari. Je, niendelee nayo?
*Msomaji wa Unguja*

Asali ina heshima yake, nami siiondolei. Hata hivyo kijiko kimoja cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za wanga, karibu mara tatu ya wanga wote uliomo katika sahani yako ya chapati za nazi. Ukimwaga vijiko viwili umerudi ulikotoka. Vivyo hivyo kwa tende zilizosagwa na kwa ndizi mbivu zilizopondwa, ambazo watu wengi huzitia kwenye rojo wakiamini kuwa utamu wa tunda hauhesabiwi.

Utamu wa chapati hizi ningeutafuta kwenye viungo, na hilo watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa. Iliki, mdalasini, kungumanga na vanila huufanya ulimi uhisi utamu hata pale sukari isipokuwepo, na tui la nazi lenyewe lina utamu wa upole. Juu yake paka mtindi mzito, au siagi ya karanga isiyotiwa sukari, au vipande vichache vya papai au pera. Gramu 50 za papai zina gramu 5 hivi tu za wanga. Wanaopenda chumvi wana bahati zaidi, kwa sababu parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi, au kachumbari, au mayai ya kuvuruga, vyote vinakwenda vizuri na chapati isiyo na sukari.

Kuhusu vitamu vya kopo: stivia haina wanga, ila itie kwa ncha ya kijiko kwani ikizidi huacha uchungu mdomoni. Vinavyoitwa maltitoli, vinavyowekwa kwenye bidhaa nyingi zilizoandikwa "bila sukari", hupandisha sukari ya damu kwa kiasi fulani na huharisha vikizidi. Soma orodha ya viungo kabla ya kuamini maandishi makubwa ya mbele.

Watoto wangu wa miaka 5 na 9 wamezipenda. Niwape kila siku nao waache wanga?
*Msomaji wa Kampala*

Wape wale kama chakula kizuri chenye protini, lakini usiwapunguzie wanga. Mtoto mwenye afya anayekua na kucheza anauhitaji, na mlo wa wanga kidogo kwa mtoto ni tiba ya kusimamiwa na daktari katika hali maalumu tu. Chapati mbili za nazi pamoja na uji wa ulezi na ndizi ni kifungua kinywa chema kwao. Kabalagala za Kampala, vile vichapati vya ndizi na unga wa muhogo, pia wasizikose, maana kwa mtoto ndizi na unga wa muhogo havina kosa. Ikiwa hawajawahi kula karanga, waonjeshe kidogo kwanza na uwaangalie.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Sina muda wa kusimama jikoni. Rojo inaweza kulala kwenye friji?
*Msomaji wa Dar es Salaam*

Rojo isilale. Unga wa nazi utainywa yote usiku kucha, asubuhi utakuta donge, na beking pauda itakuwa imemaliza nguvu yake. Lililo bora ni kuchanganya vitu vikavu vya wiki nzima siku ya Jumapili, yaani unga, beking pauda, chumvi na viungo, ukagawa kwenye vikopo vya kipimo cha siku moja. Asubuhi unavunja mayai na kutia tui, na wakati rojo inatulia unaoga.

Njia nyingine ni kupika nyingi kwa mkupuo. Zikipoa kabisa, zipange ukitenganisha kila moja kwa karatasi ya kuokea, uzifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kwenye friji zinakaa siku tatu, kwenye friza mwezi mmoja. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usizihurumie, kwa kuwa ni chakula cha mayai na tui. Kuzipasha, ziweke kwenye kikaango kikavu chenye moto mdogo, ukifunika, dakika mbili kila upande. Ukizipasha kwa mvuke au kwenye maikrowevu zitakuwa laini kupita kiasi, ingawa zinalika. Na kama unazibeba kazini, zile za karanga zinavumilia safari kuliko za nazi, hazikauki upesi, na zinaliwa baridi bila shida.